Muulize Bi Chumvi: Taa, Tumbawe na Hitima

*Shikamoo Bi Chumvi. Nina tangi la matumbawe la lita 300. Nimetoa taa za tyubu nikafunga LED kali, naiwasha mwisho wa nguvu saa 14 kwa siku. Sasa yamekuwa meupe kama chokaa. Yanataka mbolea?*
Baba Tangi, Muscat

Marahaba. Mbolea! Umeyaanika kama dagaa, halafu unauliza kama yana njaa. Ndani ya nyama ya tumbawe unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Huyo ndiye mpishi wa nyumba: anapika kwa mwanga na kumpakulia mwenyeji. Mwanga ukizidi ghafla, jiko linatoa sumu na mpishi anatimuliwa. Weupe unaouona ni mifupa inayochungulia kupitia ngozi. Mpishi asiporudi, njaa unayoiogopa itakuja kweli.

Leo hii shusha taa hadi theluthi ya nguvu, saa 8 tu, kisha panda kidogo kidogo kila wiki kwa mwezi au zaidi. Tazama na kipimajoto, maana kwenu huko joto nalo hupausha. Nyuzi 25 au 26 zinatosha. Kisha azima kipimo cha PAR, yaani mwanga ambao mwani huweza kuutumia, kile kifimbo kinachozamishwa majini. Macho yako hayafai kazi hii. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150. Acropora, yale magumu yenye matawi, huomba 200 hadi 350, kwa hiyo hayo yakae juu, laini yakae chini.

*Bi Chumvi, mume wangu ameifanya sebule kuwa ya buluu kwa taa za tangi lake la matumbawe. Juzi tulikuwa na hitima, shangazi akauliza muziki utaanza saa ngapi.*
Mama Subira, Birmingham

Pole, mwanangu, nimecheka kabla ya kusikitika. Ila mumeo hajakosea rangi. Bahari humeza nyekundu mapema, buluu ndiyo inayoshuka mbali, na ndiyo unayoipenda mwani wa tumbawe. Kuna matumbawe yanayong'aa kijani na chungwa chini yake, na nashuku hapo ndipo mumeo alipopotea. Mwambie aongeze nyeupe wageni wakija, na taa izimwe ikitimiza saa 10 za kuwaka. Usiku wa giza ni haki ya tumbawe, ndipo mengi hunyoosha mikono kutafuta chakula. Ni haki yako pia.

*Nakuja likizo Nungwi. Nibebe kipande cha tumbawe begini kwa ajili ya tangi langu?*
Mwenye Haraka, Dubai

Thubutu! Matumbawe magumu yamo kwenye orodha za mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Beba miwani ya kuzamia, nenda kisiwa cha Chumbe, uogelee juu ya matumbawe bila kuyagusa. Ikifika saa sita mchana, tazama mwanga unavyotetemeka mchangani kama wavu unaovutwa. Halafu uniandikie taa yako ya Dubai imefanana na nini.