Bodi Fupi, Barabara Ndefu

Tangu Jumanne, vijana wa kupakia pale ghalani Ruangwa wananiita Mpanzi. Nikipita, wanaulizana kwa sauti kama mvua zimeshaanza. Mjomba, ambaye ufuta ulikuwa wake, hajaniita jina lolote. Ananiangalia, anaangalia barabara, kisha ananiangalia tena.

Tulikuwa kwenye majaribio. Mjomba ana fedha za korosho za msimu uliopita na anataka pikapu. Kwetu Wamwera jambo likishafika kwa mjomba limefika mwisho; baba mzazi anabaki kutoa maoni. Kwa hiyo aliposema kwamba hanunui gari la kusimuliwa, kwamba yaletwe mawili, yapakiwe mzigo wake na yapite njia yake, hakuna aliyebisha. Mimi nilisimamia Hilux dabo kabini, niliyoazima kwa rafiki Nachingwea. Shemeji alikuja na Land Cruiser ya pikapu, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba lake lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Shemeji ni mtu wa Ruangwa, na tangu Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019 hajakubali tena kwamba kitu cha kadiri kinaweza kutosha.

Tukapakia shambani, upande wa Mbekenyera. Magunia ya mkonga yaliingia yote bodini, yakalala, shemeji akafunga kamba na kuanza kunywa chai. Ya kwangu yaligoma.

Hapa msomaji anivumilie, maana wanaonicheka hawajui bodi ya pikapu inavyopatikana. Hilux singo kabini na dabo kabini zina urefu unaokaribiana sana, kama mita 5.3 kutoka bampa hadi bampa. Kiwandani hawaongezi chuma ili abiria wa nyuma wakae, wanakula bodi. Singo kabini ina bodi ya mita 2.3 hivi, dabo kabini inabaki na mita 1.5. Na kile kipande kilicholiwa ndicho kilichokuwa na faida, kwa sababu kilikuwa mbele ya ekseli ya nyuma. Gunia ukiliweka mbele ya ekseli hiyo, uzito wake unagawanywa: sehemu inabebwa na magurudumu ya nyuma, sehemu inakwenda mbele. Ukiliweka juu ya ekseli, linabebwa na ya nyuma peke yake. Ukiliweka nyuma yake, halibebwi tu na magurudumu ya nyuma, linayainua pia ya mbele, kidogo kidogo, mpaka usukani unabaki kuwa ushauri. Unakata kulia, gari linatafakari kwanza.

Ndiyo maana unaweza kukuta dabo kabini zilizopinda chesisi katikati, kati ya kabini na bodi, zimekaa mkao wa mtu anayetaka kuinuka na kiuno kinamkatalia. Karatasi za gari zinasema tani moja, ni kweli, lakini karatasi hazisemi tani hiyo ikae wapi. Na kwenye hiyo tani wamo pia watu wote watano waliopanda kabini kwa sababu viti vipo.

Basi chukua gunia la ufuta lililoshonwa vizuri. Likilala, urefu wake ni kama mita moja. Kwenye mita 1.5 unapata safu moja na nusu. Ile nusu ya pili inakaa kwenye mlango wa bodi, ambao inabidi uulaze na kuufunga kamba. Na kingoni mwa mlango huo, pande zote mbili, kuna komeo la chuma ambalo mlango ukifungwa huwezi hata kuliona. Ukilazwa, linatazama juu. Kila bonde gunia linaruka na kutua palepale, na barabara ile ina mabonde ya kutosha.

Korosho ikitoka kwenye gunia lililotoboka inagonga bodi, unaisikia. Mbaazi zinabingirika na kufanya fujo. Ufuta hautoi taarifa. Ni punje bapa, ndogo, laini kwa mafuta yake yenyewe, na tundu la kupita penseli linautosha kabisa. Unaondoka ukiwa mtulivu. Mimi mbele nilikuwa nimefungulia redio.

Mtu wa kwanza kunipungia alikuwa dereva wa bodaboda. Nikampungia. Wa pili alikuwa mzee kwenye baiskeli, ambaye alinyoosha mkono mzima kuelekea nyuma ya gari langu, nikamwamkia kwa honi. Watoto walipoanza kukimbia pembeni wakipiga kelele, nilishusha kioo. Sikuwahi kupokewa hivyo tangu nizaliwe. Wanawake walitoka nyumbani wakiwa na ungo, wengine na ndoo, nami nikawa nawapungia mikono yote, kulia na kushoto, kama mgombea ubunge wiki ya mwisho ya kampeni. Kwenye kioo cha nyuma nilikuwa naona vumbi tu, na ndani ya vumbi kuku. Nikajiambia kuku wa huku wamechangamka.

Ghalani kulikuwa na foleni. Ni msimu, na ufuta wote unakusanywa kwenye vyama vya msingi chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kabla ya kwenda mnadani. Shemeji alikuwa ameshafika na kupima. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na wazee wenzake, akiwaeleza kwamba mpwa wake anakuja na gari la kisasa. Likashushwa gunia la kwanza, sawa. La pili, sawa. Tukafika yale ya mlangoni. Kijana wa kupakia aliinama kunyanyua gunia kwa nguvu za kunyanyulia kilo mia, likamfuata mkononi kirahisi hivi kwamba nusura aanguke kinyumenyume. Mizani ikasoma kilo 22. Lililofuata 31. Foleni nzima ikasogea kutazama.

"Mjomba," akasema mjomba, maana kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo, "hili lingine umelila?"

Nikaanza kumweleza habari ya ekseli. Nilikuwa sijafika kwenye chesisi alipotokea mama mmoja, amekuja na bodaboda, ndoo kubwa mbele, mfuko mapajani. Aliufuata ule mstari wa ufuta kuanzia nyumbani kwake, akausoma gari kwa gari mpaka kwenye tairi yangu ya nyuma. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mwaka huu sikulima." Kisha akapanga foleni, akapima. Ufuta wake alikuwa ameshaupepeta, kwa hiyo ulipita bila neno. Mabaki ya mjomba yalirudishwa kupepetwa, yalikuwa na vumbi.

Kosa liko kwenye bodi. Nimelisema hili kwa kila anayenisimamisha na nitaendelea kulisema.



Haki ya mkonga lazima itolewe. Ile injini ya 1HZ ni lita 4.2, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, haina turbo, na Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1990. Haina haraka na jambo lolote. Ukiikanyaga inakusikia, inafikiri, inatoa moshi wa heshima, inaondoka. Fundi yeyote wa Masasi ameshaifungua. Na bomba lile si urembo kama nilivyokuwa nikidai. Injini inavuta hewa muda wote. Ikivuta maji, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichobanika. Hewa ungeibana mara kumi na zaidi, maji hayakubali hata robo. Pistoni haiwezi kusimama, maji hayawezi kusinyaa, basi kinachopinda ni ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, na gari la mamilioni linageuka banda la kuku katikati ya mto. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu, bomba linavuta hewa ya juu ya vumbi, na chujio linakaa safi muda mrefu zaidi. Haya yote shemeji hayajui. Yeye anasema bomba linaongeza nguvu.

Shida ya mkonga ni kwamba una ndugu. Hilux ukiiegesha nje, watu wanakuuliza umenunua lini. Mkonga ukiegeshwa, watu wanakuuliza unaondoka lini. Haikumaliza wiki kwenye uwanja wa mjomba kabla haijabeba godoro na kabati la bi harusi, mabenchi ya msiba na kwaya, na hakuna hata mmoja aliyeuliza dizeli inauzwaje. Wamarekani wana pikapu kubwa kuliko hii, Ford F-150, upana wake mita mbili bila kuhesabu vioo, na nasikia wengi wanaendea dukani peke yao. Kwetu hiyo ingekuwa tarafa.

Kisha usiku mmoja wakaja kugonga. Mke wa jirani, uchungu umeshika, umbali wa hospitali unaujua mwenyewe. Shemeji akawasha mkonga, wakamlaza nyuma juu ya magunia matupu, wanawake wawili wakamshika asirushwe, wakaenda. Alifika, mtoto alizaliwa, na kila mtu akasema afadhali gari lilikuwepo. Mimi sikusema afadhali. Magari ya wagonjwa mengi ninayoyaona barabarani ni Land Cruiser za aina hiihii, injini ileile, springi zilezile. Kwa nini ya kwetu iwe imeazimwa kwa ajili ya kujaribia ufuta? Tunabishana mita 1.5 na mita 2.3 kana kwamba tunapima magunia, kumbe tunapima kama mama mjamzito atanyoosha miguu. Hilo mjomba hakulitaja alipoorodhesha masharti yake, na hakupaswa kulitaja. Hakugombea chochote.

Na mabishano ya ukubwa wa mashine hayakuanza na sisi. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni tatu, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Kwa kuwa trekta za kutosha hazikupatikana, walichukua vifaru vya Sherman, wakavivua mizinga na kuvigeuza kuwa trekta, wakaviita Shervick. Waliona kilichomshinda Hitler hakiwezi kushindwa na kisiki. Visiki vikashinda, vipuri vikaisha, mvua ikakataa ratiba ya London, na mwaka 1951 mpango ukazikwa ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Lakini kwa ajili yake walikuwa wamejenga bandari ya Mtwara na reli kutoka huko hadi Nachingwea. Reli ikafungwa mapema miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Tumebaki na kata inayoitwa Stesheni, ambako usiende kusubiri treni.

Kwa hiyo palikuwa na reli ya kubebea karanga ambazo hazikuota. Sasa tuna korosho, mbaazi, na ufuta unaoweza kuota hata barabarani, na mkulima anaambiwa achague pikapu. Tani moja au moja na nusu kwa fedha zake mwenyewe, na makato ya kilo yakimsubiri mbele. Kila nikifikiria reli ile hasira zangu kuhusu komeo zinapungua, zinahamia mahali pengine.

Jana mjomba ametoa uamuzi. Hilux, singo kabini, nyeupe. Nilifurahi, nikaanza kumpongeza kwa kuelewa suala la bodi na ekseli. Akanikatiza. Hakuwa amefikiria ekseli. Amechagua singo kabini kwa sababu mbele wanakaa watu watatu kwa kubanana, yeye ni mmoja, dereva ni wa pili, na nafasi ya tatu ataweka koti lake. Ndugu watakaotaka kupanda watakaa nyuma juani, na wakikaa nyuma juani wataanza kuyaona mabasi.

Shemeji hakukubali kuondoka mikono mitupu. Akasema kuna fundi Masasi anaweza kuifungia Hilux mkonga, bomba zima mpaka paani. Mjomba akauliza njia yetu inavuka mto gani wa kuhitaji bomba. Shemeji akasema hakuna, ila ukifika ghalani na lile bomba watu wanajua umetoka mbali, wanakupisha kwenye foleni.

Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akauliza huyo fundi anataka kianzio cha shilingi ngapi.