Gustave Hakuhojiwa na Mtu

Mfyuuu! Kijana wetu wa gereji jana kaja kijiweni hapa Buyenzi, Bujumbura, macho mekundu kwa kukesha. Kamaliza Mindhunter yote, msimu wa 2017 na ule wa 2019. Kahawa hajaigusa, anatuhadithia tu: maafisa wa FBI wanazunguka magereza ya Marekani na kinasa sauti, wanaketi na watu walioua mmoja baada ya mwingine, wanawauliza walianzaje. Anayemkosha zaidi ni Ed Kemper, jitu la zaidi ya mita 2.

"Ana akili, wallahi! Anaongea kama mwalimu."

Mzee mmoja aliyevua ndagala ziwani ujana wake wote akasonya. "Mwanangu, mtu kafungwa maisha, kaletewa msikilizaji. Kwa nini asiongee vizuri?"

Hapo pana neno. Jirani zetu wa Kigali walikuwa na Denis Kazungu, aliyekamatwa Septemba 2023, miili ikafukuliwa jikoni kwenye nyumba aliyopanga. Mahakamani akadai kuna wanawake waliomwambukiza Ukimwi makusudi. Dai hilo likatangazwa kotekote. Na waliofukiwa, nani aliwauliza? Machi 2024 akapewa kifungo cha maisha kwa kuua watu 14, karibu wote wanawake. Kumi na wanne, ndugu zangu! Ina maana kuna mtu wa kwanza aliyepotea, wa pili, wa tano, na chungu kikaendelea kuinjikwa mekoni humo humo.

Kijana akatetea: eti kuna saikolojia. Mzee akacheka. "Basi Gustave naye ana saikolojia?"

Akh, Gustave! Muuaji wetu wa Buja. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa filamu ya Primeval, wakaitangaza kwa hila kama hadithi ya muuaji wa kutisha. Watu wakakata tiketi wakisubiri mwenye kisu, wakaletewa mamba wetu wa mto Rusizi. Tena wakaipiga Afrika Kusini. Hata pesa ya boti hatukuambulia. Mfaransa Patrice Faye, aliyempa mamba jina la Gustave, naye alihangaika na kizimba kikubwa cha chuma, chambo ndani. Gustave hakuingia.

Wanasema kala watu 300. Mfyuu! Mamba kapewa jina zuri la Kifaransa, hao 300 majina yao yako wapi? Ni wavuvi, waogaji, watu wa kandokando ya maji.

"Mamba hana kisirani," mzee akasema. "Anajua tu nani hushuka mtoni kila siku saa ileile kwa kuwa kwake hakuna bomba. Huyo Kemper wenu mngemwuliza hilo: aliwachaguaje?"

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba msimu wa pili una mambo ya Atlanta, 1979 hadi 1981. Watoto weusi, wengi wa mitaa ya kimaskini, wanapotea, na mama zao wanapiga kelele bila kusikilizwa.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Hao mama wamo humo ndani? Wanaongea?"

"Wanaongea, mzee."

"Basi hiyo nitaitazama. Kesho njoo na simu yako imejaa moto, ukae hapa pembeni yangu unitafsirie."

Kijana akauliza kama aanzie msimu wa kwanza, ili mzee amjue Kemper.

Alisonywa msonyo ambao mafundi wa ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama.