Sifa za Dimoni wa Seshoni

Ng'ombe wametungiwa sifa, wachezaji wa mpira pia. Mimi namsifu dimoni wa seshoni, programu isiyo na sura inayokesha ndani ya seva ya barua pepe ikikumbuka wewe ni nani. Wateja wa saiba hapa Kamukuywa, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, humtukana kila siku bila kumjua jina.

Kazi yake ni ya kitumwa. HTTP, itifaki ya wavuti, haina kumbukumbu: kila ukibofya, seva hukupokea kama haijawahi kukuona. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, alama ambayo kivinjari huionyesha kila kinaporudi. IMAP nayo, itifaki ya huko barua ziliko, hupenda uingie mara moja utulie. Dimoni huishi katikati ya msahaulifu na king'ang'anizi: hukagua kuki na kukufungulia mlango wa IMAP, usije ukadaiwa nenosiri kwa kila barua. Akianguka usiku wa manane, msimamizi humwasha upya huku akimlaani. Asante? Hajawahi kuisikia.

Stima ikipotea Kamukuywa, kompyuta ya saiba huzima, lakini dimoni kwenye seva ya mbali hana habari. Anakulinda kwa uaminifu wote, nawe umeshapanda boda boda kwenda nyumbani.

Halafu kuna fadhila yake kubwa, kufukuza. Kijana akiinuka bila kutoka kwenye akaunti yake, mteja anayefuata hukuta kiti bado kina joto na barua ziko wazi. Hakuna wa kumwokoa kijana ila saa ya dimoni. Katika PHP, lugha iliyotumika kuandika SquirrelMail, programu ya kusomea barua pepe kwenye kivinjari, seshoni iliyonyamaza huhesabiwa takataka baada ya sekunde 1,440, yaani dakika 24. Hata hivyo ufagiaji wenyewe ni bahati nasibu: kwa mpangilio wa asili, nafasi ni 1 kwa 100 kila seshoni inapoanzishwa. Mlinzi wa namna hii angeajiriwa getini, tungemfuta kazi kabla ya chai ya saa nne.

Lakini wenye kasoro nao wana vipaji, na cha dimoni ni uhariri. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akimwandikia mwanawe aliyeko Doha, kwa kidole kimoja: salamu za ukoo mzima, mpaka wa shamba, harusi, msiba, ng'ombe aliyezaa. Akabonyeza Tuma, ukurasa wa nenosiri ukamkodolea macho.

“Mwalimu, seshoni imeisha. Ingia tena.”

“Imeishaje na mimi niko hapa hapa?”

Kijana wa saiba hakuwa na jibu. Mwalimu akaingia tena, akakuta barua imepotea, akatazama saa ya ukutani inayohesabu shilingi zake, akaandika: “Mvua imeanza. Tuma za mbolea.” Zikaja kabla ya Ijumaa.