Ekzosi Haikuulizwa

Makambako tumejaliwa upepo, tena wa kutosha hadi wawekezaji wakaja na mpango wa kuutumia kuzalisha umeme. Kwa sasa upepo unafanya kibarua kingine: kupeleka moshi wa malori kwa jirani. Lori la mbao linatoka Njombe, linafika njia panda ya Tunduma na Dar es Salaam, linakohoa wingu jeusi, na kwenye kioo cha mbele stika ya usalama inang'aa. Breki zimeonekana, taa zimewaka. Ekzosi haikuulizwa, nayo ina adabu, haijibu lisiloulizwa.

Si kwamba sheria hatuna. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa tunazo tangu 2007; zimo kabatini, ambako hewa ni safi kabisa. Dizeli nayo Afrika Mashariki iliwekewa kiwango kipya 2015, salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. California walianza kupima moshi wa magari kwa mashine 1984. Sisi tunapima kwa kikohozi cha abiria.

Na lile gari dogo lililotoka Japani na masega yake ya kuchuja moshi? Masega yana platinamu, kwa hiyo yameuzwa. Mwenyewe anajisifu kwamba gari sasa linavuta vizuri. Linavuta kweli, na shangazi anayekaanga chipsi pale stendi naye anavuta.

Afande wa trafiki, msimu ujao wa stika, tunakuomba uzunguke na nyuma ya gari. Simama hapo kidogo, kisha mwambie dereva akanyage mafuta.