Kuyasifu Mavi ya Kuku

Washairi wetu wamekwisha kuusifu mnazi, wakaisifu jahazi, wakawasifu mabibi wa miji yote toka Lamu hata Kilwa; lakini sijapata kusikia aliyesimama mbele ya hadhara, akakohoa kidogo kuisafisha sauti, kisha akayasifu mavi ya kuku. Dhuluma hii nimeazimia kuiondoa leo, nami namwomba radhi msomaji aliye mezani, asubiri hata amalize chakula.

Shahada yangu naitoa Minnesota, kaskazini ya Marekani, jimbo ambalo kipimajoto kilipata kushuka hata digrii 51 chini ya sifuri, katika mji wa Tower, tarehe 2 Februari 1996, na ambako mimi, mtu wa Pangani niliyezoea kuona kuku wakipanda mwembeni magharibi na kushuka alfajiri bila ya kumsumbua mtu, nilijitia kufuga kuku sita nyuma ya nyumba. Kwetu makao ya kuku ni tenga, au pembe ya jiko. Huku, nguzo ya banda isipozikwa zaidi ya mita moja, ardhi ikiganda huvimba na kuisukuma juu, hata mlango ukakataa kufunga kama mtu aliyesusa.

Banda la kwanza nililijenga kwa huruma. Niliziba kila ufa, nikatandaza nailoni madirishani, nikaenda kulala nikijiona mtu wa ihsani. Asubuhi moja ya Januari nilifungua mlango nikakuta kuta zimeota nywele nyeupe za barafu, hewa inachoma macho, na jogoo wangu, ambaye undu wake ulikuwa mwekundu kama ua la mkomamanga, ncha zake tatu zimekuwa nyeusi. Nilidhani ni baridi tu iliyomdhuru. Kumbe msaidizi wake ni unyevu. Robo tatu ya mavi ya kuku ni maji, kwa kuwa kuku hana haja mbili kama mbuzi, yote huyatoa kwa mlango mmoja, usiku na mchana. Na maji hayo yakipanda hewani yakakosa pa kutokea, hutua juu ya undu na kuganda. Kuku mwenyewe, ambaye joto la mwili wake ni kama digrii 41, na ambaye hujivimbisha ndani ya manyoya yake kama sultani ndani ya godoro la pamba, hakuwa ameniomba moto. Aliomba tundu. Nikaelewa kwamba nilikuwa nafundishwa, na mwalimu yuko miguuni pangu.

Kwa hiyo banda la pili sikulichora mimi. Yalilichora mavi, nami nilikuwa kibarua wa misumari. Yakaamuru matundu yakatwe juu kabisa, chini ya upenu, pande mbili zinazoelekeana, yafunikwe wavu wa chuma wenye macho membamba, kwa maana kicheche wa huku hupenya apenyapo panya. Yakaamuru ubao wa kulalia uwe chini ya matundu hayo, upepo upite juu ya vichwa usiwaguse waliolala. Na ubao wenyewe uwe bapa, upana wa inchi nne, ili kuku avifunike vidole kwa manyoya ya tumbo. Hata kizingiti nilikiinua kwa ajili ya mavi yenyewe, maana mgeni wa miezi mitano huandaliwa nafasi. Paa peke yake ndilo lililojengwa kwa ajili ya theluji: nililipa mteremko mkali. Na nisidhaniwe mzushi, kwani Dkt. Prince T. Woods, Mmarekani, alikwisha kuchapisha mwaka 1924 kitabu kizima juu ya mabanda ya kuku yapitishayo hewa safi.

Sakafuni nilimwaga maranda ya mbao, karibu shubiri nzima, nikaacha. Mavi yakianguka, naongeza maranda. Kuku wakichakura punje nilizowatupia, huyachanganya bila ya ujira. Na vijidudu visivyoonekana kwa macho huyala yote mawili na kutoa joto la polepole, mfano wa makaa yaliyofukiwa majivuni. Siku moja ya Februari mavi ya usiku huo yalikuwa yamekuwa kokoto, yakilia kwenye koleo nilipoyazoa. Nikaivua glavu, nikauzamisha mkono katika maranda hadi kifundo, nikakuta uvuguvugu kama wa kinyunya kilichofunikwa kiumuke. Nikanusa: harufu ya msitu baada ya mvua. Wahenga waliposema mavi ya kale hayanuki walikusudia ugomvi na aibu za zamani. Sidhani hata mmoja wao alitarajia kwamba maneno yake yatathibitishwa, herufi kwa herufi, chini ya kuku sita wa Minnesota. Ila sharti yawe makavu. Yakilowa, amonia itakutoa machozi nawe hukufiwa.

Tena mavi ni maaminifu. Mayai yalikatika Novemba, kwa sababu koo hutaka mchana wa saa 14 hivi ndipo atage vizuri, na mchana wa Desemba hapa haufiki saa 9. Mama alinipigia simu.

"Kuku wanataga, mwanangu?"

"Hawatagi, mama, mpaka jua lirudi."

"Basi wakupa nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza kitambo. "Umekwenda mbali kote huko," akasema, "kwa mavi?"

Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa amepita uani msimu wa majani kupukutika akiwa ameziba pua, nami nikatamani kumjibu kwa methali yetu, mavi usiyoyala wayawingiani kuku, lakini sikuipatia Kiingereza chenye adabu. Aprili, theluji ilipoyeyuka nami nikiyatoa kwa toroli, yakiwa meusi, yanamong'onyoka, alikuja mwenyewe na ndoo mbili, akaulizia kwa sauti ya chini kama anayekopa. Nikampimia kwa taadhima, nikampa sharti la kuyaacha yakae miezi kadhaa kabla ya kuyagusisha mboga. Akasema atasubiri. Akazibeba ndoo zake mwendo wa polepole, asimwage.