Maziwa Yangu Yana Hezi 50

Jirani, hapa Nakivale chakula kinaweza kukosekana, treningi haikosekani. Kambi hii ya wakimbizi ipo tangu 1958, na naapa tangu siku hiyo kuna mtu mahali fulani anagawa kalamu na soda kwa watu wanaofundishwa kitu. Mimi nina cheti cha sabuni ya maji. Nina cheti cha kuku wa mayai. Nina cheti cha kutatua migogoro, ambacho Mama Furaha wa nyumbani alikifunikia sufuria ya sombe siku tuliyokuwa na mgogoro. Kazi sina. Nina meza tu pale Endiinzi, natengeneza redio na kuchaji simu. Wateja wananiita fundi kwa heshima kubwa, halafu wanalipa kesho.

Sasa tajiri mmoja wa maziwa akanijia mezani. Tanki lake la kupozea linamtesa. Maziwa yanatakiwa yashuke mpaka digrii 4 na yakae hapo hapo, la sivyo gari la Mbarara linayakataa. Usiku kijana wa zamu analala. Asubuhi ukimuuliza anasema tanki lilikuwa baridi usiku kucha, bosi, baridi kabisa. Tajiri kasikia Mbarara wanafundisha kompyuta kupima joto na kuandika yenyewe bila kulala. "Fundi, wewe si unajua waya? Nenda ukajifunze. Nauli natoa." Nauli aliyotoa ilikuwa ya kwenda. Ya kurudi, akasema, utaichukua ukisharudi. Akanipa na chupa ya maziwa ya kupimia.

Teksi siielezi. Nilishuka Mbarara nikiwa na rangi ya barabara.

Darasani vijana watupu, wanafunzi wa uinjinia, kila mmoja na laptopu yake na maji yake ya chupa. Chupa hata mimi ninayo. Mwalimu akanipokea vizuri sana. "Karibu, mzee. Umemleta mtoto?" Nikamwambia mtoto ndiye mimi. Wakaniweka nyuma kabisa, karibu na soketi, na laptopu ya kuazima isiyokuwa na herufi A.

Mwalimu akasema tusiogope, programu hii haiandikwi, inachorwa. Jina lake LabVIEW. Ilitoka 1986, kwa kampuni ya National Instruments ya kule Austin, Texas. Aliyeitunga ni bwana Jeff Kodosky, na mwanzoni ilikuwa inakubali Macintosh peke yake. Unaweka visanduku kwenye skrini, unaviunga kwa waya, kompyuta inapima. Hata watoto wanaweza, akasema, maana zile roboti za Lego Mindstorms NXT ziliendeshwa kwa programu iliyojengwa juu ya LabVIEW hiyo hiyo. Moyo ukatulia. Waya? Si ndiyo ugali wangu?

Ndugu yangu, waya za Endiinzi zina adabu. Za kwenye skrini zina ukoo. Ya chungwa inabeba namba za desimali. Ya bluu namba nzima. Ya kijani ndiyo au hapana. Ya pinki maneno. Pinki haiolewi na chungwa, na mimi nilishafungisha ndoa. Waya ikageuka nyeusi, ikakatika vipande vipande, na katikati ikaota msalaba mwekundu. Kale kamshale ka kuendesha programu nako kakavunjika. Nikakabonyeza hivyo hivyo. Ikafunguka orodha ya makosa yangu, ndefu, nikaishusha na kuishusha. Binti wa pembeni akanionea huruma. "Mzee, bonyeza Ctrl na B, inafuta waya mbovu tu." Nikabonyeza. Waya zote zikaondoka. Yaani zote. Binti akaangalia dirishani.

Tena madirisha yenyewe yako mawili. La mbele lina vitufe na grafu za kuonyesha wageni. La nyuma ndiyo jikoni, waya zote ziko huko. Nikagusa kitu, jikoni ikapotea. Nikainua laptopu nikachungulia chini yake. Usinicheke, ungefanya nini? Kumbe ni Ctrl na E, inarudi.

Na usidhani visanduku vinafuata mstari juu kwenda chini. Hapana. Kila kisanduku kinangoja, kama karani wa ofisi ya usajili: mpaka karatasi zote zimfikie mkononi ndipo anafanya kazi, ikipungua moja anakaa tu anakutazama. Hilo nililielewa haraka kuliko wale vijana. Nina miaka mingi ya kutazamwa.

Kitanzi kikaja kuniaibisha. Ukitaka kompyuta irudie kupima, unazungushia kazi yako kitanzi, na lazima kiwe na waya wa kukisimamisha. Mimi nikakiunga kwenye hapana ya kudumu. Kikaanza kuzunguka. Kikagoma kusimama. Feni ikalia, darasa zima likageuka. Mwalimu akaja mbio, akakizima, akasema kila mzunguko upewe usingizi kidogo, hata milisekunde 100. Kompyuta inapewa usingizi. Kijana wa zamu pale kwenye tanki anagombezwa.

Haya, tukafika kwenye kupima. Kisanduku cha kweli, cha USB, kipo mezani, waya zinatoka. Nikaweka chupa yangu mbele, nikakiagiza kisanduku kisome mara 10 kwa sekunde. Mstari ukatokea! Mtulivu, mzuri, unashuka taratibu. Digrii 24. 19. 11. Nikasimama. Nikatangaza, "Maziwa yanapoa!" Ikafika 4, nikapiga makofi peke yangu. Ikafika sifuri. Ikaenda chini ya sifuri 9. Mwalimu akashika chupa, akaitikisa. Yalikuwa ya uvuguvugu. Akafuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa unaning'inia hewani pembeni ya soketi. Sensa, kale kadude ka kupimia joto, ilikuwa bado ndani ya kifuko chake.

"Mzee," akasema, polepole, "unapima ukuta."

Maana yake ni hii. Waya ulioachwa wazi unanasa umeme wa nyumba, na umeme wa Uganda unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, hezi 50. Wewe ukichungulia mara 10 tu, kila ukichungulia unalikuta wimbi karibu pale pale ulipoliacha. Unaona mstari umetulia, unadhani ni maziwa. Ili usidanganywe lazima uchungulie zaidi ya mara mbili ya kasi ya wimbi, kwa hiyo hapa zaidi ya mara 100. Jambo hilo lilianza na Harry Nyquist mwaka 1928, na Claude Shannon akaliweka sawa 1949. Nyquist alizaliwa Sweden akahamia Marekani. Mhamiaji mwenzangu, ila yeye alihamia kwenye mshahara.

Tukaweka mara 1,000 kwa sekunde. Wimbi likajitokeza zuri kupita kiasi, kupanda na kushuka, nikalipiga picha nimtumie tajiri. Hapo hapo umeme ukakatika mtaani. Giza. Laptopu yangu ina betri, nikaona grafu inalala chini, shwaa. Mwalimu akaja na tochi ya simu, akaangalia, akanipiga bega. "Sasa umepima kitu, mzee." Sifa pekee niliyopata Mbarara, na niliipata kwa kupima giza.

Umeme uliporudi nikatoa sensa kwenye kifuko. LM35, inatoa milivolti 10 kwa kila digrii. Kisanduku cha biti 12, ukikiwekea volti 10 chini na 10 juu ya sifuri, kina ngazi 4,096, kila ngazi karibu milivolti 5. Kwa hiyo joto linaruka kwa nusu digrii, nusu digrii. Maziwa yakasoma 26 na nusu. Kipimo sahihi kabisa. Yalikuwa yameshaganda.

Nikarudi na cheti, jina langu limekosewa. Tajiri akauliza bei ya ile programu. Nikamweleza kuna toleo la bure tangu 2020, ila ni la mtu asiyelitumia kwa biashara. Yeye ana biashara. Mimi biashara sina, na tanki sina. Nikamwonyesha ile picha, nikamwambia mashine inajua umeme ukikatika. Akanijibu, "Fundi, umeme ukikatika naona mwenyewe." Kisha akahamishia kitanda cha kijana wa zamu ubavuni mwa tanki, miguu ikiligusa.

Lakini mimi sijakata tamaa. Lile toleo la bure nitalishusha kwangu nijifunzie, ingawa ni gigabaiti kadhaa na bando langu ni la WhatsApp. Kinachokosekana ni mashine. Anayeuza laptopu ya Windows iliyotumika, betri inashika chaji, aje mezani kwangu Endiinzi. Bei ya Kampala aiache Kampala. Na herufi A iwepo.