Mjomba Aliyesoma Tanzia Yake

Ukoo wetu, ambao sehemu yake kubwa i Tanga na Pangani na iliyobaki imetapakaa Mombasa, Dar es Salaam na Maskati, ulijaaliwa kundi la WhatsApp kwa jitihada ya binamu mmoja aliyejiteua mwenyewe kuwa admini, na tangu siku hiyo hapana jamaa yetu aliyepata kuugua, kuposa, kusafiri wala kuchoma mahamri pasipo sisi sote kupashwa khabari kwa picha. Sikusudii kulilaumu kundi hilo. Mpwa wetu mmoja wa Pangani alipotakiwa kupasuliwa, fedha za matibabu yake zilikusanywa kwa simu kati ya sala ya adhuhuri na ya alasiri, ilhali zamani za barua mgonjwa aliomba mchango wa tabibu, na ulipowasili ukatumika kwa hitima.

Walakini neema hiyo haikuja peke yake. Ilikuja pamoja na shangazi. Mwanamke huyu mwema, mwenye moyo wa kuwatakia watu wote afya, ndiye aliyetufundisha mwaka 2020 kwamba hapana maradhi yawezayo kustahimili limau, tangawizi na kujifukiza, na ndiye atuleteaye kila Ijumaa alfajiri mawaridi yanayometameta pamoja na dua, na kila usiku onyo juu ya sumu iliyomo katika chakula ambacho mchana alitufundisha kukipika. Uvumi wa simu ulipokwisha kusababisha watu kuuawa na makundi ya wenye hasira huko India, kampuni ya WhatsApp yenyewe iliweka mpaka, na mwaka 2019 mpaka huo ukaenea dunia nzima, kwamba ujumbe uliopokewa usipelekwe zaidi ya mahali patano kwa mara moja; na mwaka 2020 ule uliokwisha kuzunguka mno ukaachiwa mahali pamoja tu. Wahandisi wale waliutegemea uvivu wa mwanadamu. Hawakumjua shangazi, ambaye huketi barazani tasibihi mkono mmoja na simu mkono wa pili, akiwahudumia jamaa mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho.

Wala asitukuze mtu zamani kupita kiasi. Mwaka 1908, moshi wa vita vya Maji Maji haujatawanyika vyema, barua iliyosimulia ndoto ya sheikh mmoja juu ya Mtume ilienea mji hata mji katika pwani yetu, Lindi ikataharuki kuliko kwingine, na maafisa wa Kijerumani wakaingiwa na hofu ya uasi mpya. Barua hiyo ilikwenda kwa kalamu na mikono ya wasafiri, bila bando. Riwaya ya ndoto ya namna ile ile shangazi ameniletea zaidi ya mara moja, sasa ikiwa na mapambo ya kijani na ahadi ya balaa kwa atakayeikatiza.

Lakini nilitaka kusimulia kifo cha mjomba.

Binti yake aliyeolewa Mombasa alifukua sandukuni picha ya baba yake ya ujanani, nyeusi na nyeupe, kanzu imenyooka na kofia imekaa upande, akaituma kundini. Na kabla hajaandika neno la kuieleza, bando lake likaisha. Picha ikabaki pale, kimya, pasi na maelezo. Ndugu yetu wa Maskati, alipomwona mzee katika rangi mbili bila neno, alihitimisha kama ambavyo yeyote mwenye akili timamu angalihitimisha, akaandika istirjaa. Wa pili akafuata, wa tatu akalia kwa vikaragosi, na shangazi, ambaye nyumba yake na ya mjomba zinapakana ukuta, badala ya kuchungulia dirishani alirekodi ujumbe wa sauti mrefu wa kumsifu marehemu, ambao ndani yake, kwa mbali, ukisikiliza kwa makini, waweza kumsikia marehemu akikohoa.

Mjomba alikuwa katika kailula. Alipoamka aliikuta simu imejaa makiwa, akasoma tanzia yake kwa taadhima kama mtu asomaye ya jirani, kisha akaandika: "Jamani, mimi nipo." Aliitikiwa "Amina" mara kadhaa. Binamu admini, ambaye huwachukia matapeli kuliko anavyompenda jamaa yeyote, akatangaza kwamba kuna mwizi aliyeiba simu ya marehemu na sasa ataanza kuomba rambirambi zitumwe kwa namba yake, akamwondoa mjomba katika kundi. Hivyo ndivyo mtu mzima, mwenye pumzi zake, alivyotolewa katika ukoo wake kwa kosa la kujifanya yeye.

Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda basi la Tanga. Nilipofika Chalinze simu yangu ililia, nikaona jina la marehemu, na abiria wa kiti cha pili aliniuliza mbona nimegeuka rangi. Mjomba hakutoa salamu. Alitaka kujua ni nani aliyemfukuza kundini, na kwa nini kina mama wanaingia nyumbani kwake na mikeka.

Jioni, ukweli ulipodhihiri na mjomba kurudishwa kundini kwa heshima, lilizuka suala la fedha, maana michango ya maziko ilikwisha kutumwa kwa mtunza hazina na ilikuwa si haba. Wapo waliotaka warudishiwe. Shangazi alishikilia kwamba sadaka iliyotiwa nia hairudi. Na mjomba akadai kuwa fedha zilizochangwa kwa ajili yake ni zake, na paa lake linavuja. Akapewa. Ila kwanza aliomba orodha ya wachangaji, akaivalia miwani, na tangu siku hiyo hutuamkia kila mmoja kwa uchangamfu unaolingana na kiasi alichotoa. Binamu mmoja aliyeandika kwamba angetuma mwisho wa mwezi amebatizwa na mjomba Bwana Mwisho wa Mwezi, na mjomba humwuliza kila wanapokutana, mbele za watu, kama mwezi ule haujaandama hata leo.